Mabuu wa Khisa

Neno lililomkera Khisa kuliko mengine yote lilikuwa "zetu." Darlène alilitumia bila kufikiri, kila siku ya Mungu. Funza zetu zimekula. Funza zetu zimenenepa. Funza zetu zinataka maganda mengine. Khisa akilisikia alijifanya anatafuta kitu mfukoni, kwa sababu uso wake haukujua kuficha mambo, na moyoni alikuwa akimjibu: zako na nani, dada? Umewahi kumshika hata mmoja?

Hakuwahi. Hilo lazima lisemwe mapema, maana Khisa mwenyewe alilisema kwa kila mtu aliyekubali kumsikiliza, na kwa wengine ambao hawakukubali. Tangu mwezi wa pili yeye ndiye aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kwenye banda lililo nyuma ya maabara ya chuo, kuwalisha mabuu wa nzi mweusi. Yeye ndiye aliyejua joto lao, njaa yao na tabia zao. Yeye ndiye aliyenuka. Kwenye ukumbi wa mihadhara watu walikuwa wanamwachia viti viwili vitupu, kimoja upande huu na kimoja upande ule, na msichana mmoja wa mwaka wa tatu ambaye alikuwa amemweka moyoni alimwambia waziwazi achague. Khisa akachagua mabuu. Mtu aliyefika hapo, mimi siwezi kumlaumu akiuma meno kidogo.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya timu za wanafunzi wa vyuo vikuu, na sharti lilikuwa moja tu: mtafute tatizo la mazingira ambalo mnaweza kulionyesha kwa kidole hapa hapa Kampala, kisha mlitatue. Wengine walionyesha mtaro wa Nakivubo na chupa zake za plastiki. Timu ya Khisa ilionyesha soko la Nateete, mahali ambapo maganda ya ndizi za matoke hurundikana nyuma ya vibanda mpaka lori la taka likumbuke kuja, na likikumbuka, maganda huwa yamekwisha kuwa uji mweusi unaojitiririkia njiani. Jawabu lao lilikuwa mabuu. Nzi mweusi si yule nzi wa chooni. Akishakua hali kitu, haingii jikoni, hata wiki mbili hamalizi duniani. Lakini watoto wake hula maganda mchana na usiku, wakinenepa unawapa kuku, na kinachobaki chini ni mbolea.

Wazo hilo lilikuwa la Khisa. Alilisoma, akalichukua, akawatafuta wenzake wawili. Odoch, mtoto wa mwanajeshi aliyekulia kambini na kujifunza Kiswahili hukohuko, alikuwa na mikono ya ufundi, akaunda masanduku. Darlène alizaliwa Bukavu na kuletwa Kampala akiwa na miaka tisa. Mama yake anauza vitenge Nakivubo, na yeye anasoma maendeleo ya jamii. Kazi yake ilikuwa kwenda sokoni kuzungumza na akina mama, kuwashawishi watenge maganda na mifuko ya plastiki. Khisa, Mbukusu kutoka Bungoma ambaye baba yake alimleta Kampala alipopata kazi ya kutengeneza mashine huko Nakawa, alijiona ndiye nahodha, ingawa hakuna aliyempa cheo hicho.

Basi wakapita raundi ya kwanza, wakapita ya pili, na mwezi wa sita wakawa miongoni mwa timu nne za fainali. Hapo ndipo waandaaji walipoleta sheria mpya. Fainali haitakuwa mbele ya maprofesa peke yao. Wafanyabiashara wa masoko wataalikwa, Waganda, Wakongo, Wakenya, kwa hiyo maelezo yatatolewa kwa Kiswahili ili wote wasikie. Kila timu imteue msemaji mmoja. Na timu itakayoshinda itapewa kiwanja sokoni na mwaka mzima wa majaribio, na msemaji wake ndiye atakayekuwa msimamizi wa kituo.

Msimamizi wa kituo. Khisa aliyasoma maneno hayo mara nne. Aliona kibanda chenye paa la mabati, masanduku ishirini badala ya mawili, mabuu kwa maelfu, na yeye katikati akiwa na funguo kiunoni. Hakuna jambo jingine duniani alilolitaka zaidi ya hilo. Akaanza kufanya mazoezi ya hotuba mbele ya mabuu, na mabuu hawakumkatiza hata siku moja.

Wakakutana kantini kuamua. Khisa alidhani ni jambo la dakika mbili. Darlène aliona haya kujitaja mwenyewe, akatazama chai yake. Odoch ndiye aliyekata maneno.

"Khisa, wewe najua hii dudu kupita sisi wote," alisema. "Hata profesa hapana fika wewe. Lakini ukianza kuongea, bwana, mtu nasikia usingizi. Darlène ataongea."

"Usingizi?"

"Raundi ya pili, ile mzee na miwani alilala. Mimi niliona."

Khisa akacheka. Alicheka kwa sababu hakuwa na la kufanya na uso wake, akasema sawa, hakuna shida, timu ni timu. Akamalizia chai yake taratibu. Alipofika bandani alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Ila alipiga hesabu ya alfajiri zote alizoamka, na kila moja aliitia kwenye jina la Darlène.

Tangu siku hiyo akaanza kumwona kila mahali. Wakienda Nateete pamoja, akina mama wa matoke walimwita Darlène binti yao, wakampisha kigoda, wakamwuliza mama yake hajambo. Darlène alipewa ndizi. Khisa alipewa maganda. Ndiyo mgawanyo wa kazi waliokubaliana, ni kweli, lakini kuna siku alisimama na gunia begani, maji ya maganda yakimtiririka mgongoni, akamwona mwenzake anamenya ndizi mbivu huku akicheka na watu kumi, akajikuta anaombea ndizi ile iwe imeoza ndani.

Baya zaidi ni kwamba Darlène hakuwa mtu mbaya. Khisa angependa sana awe na majivuno, au awe mvivu, au aibe mawazo ya watu kwa hila. Badala yake, Khisa aliposhikwa na malaria mwezi wa nne, msichana huyu alimletea sombe ya majani ya muhogo na ugali kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa, akakaa mlangoni mpaka akala. Sasa utamchukia vipi mtu wa namna hiyo? Khisa aliweza. Alikumbuka sombe ile na kukasirika zaidi, kwa kuwa ilikuwa tamu.

Na Darlène alijitahidi kujifunza. Alikuja bandani na daftari, pua ameifunika kwa kilemba, akasimama hatua tatu kutoka sandukuni, akauliza.

"Khisa, juu ya nini munaweka hii pumba ya mbao?"

"Ni kawaida tu."

"Na asubui unapangusaka hapa pembeni na kitambaa. Ni ya nini?"

"Usafi."

Darlène akaandika: usafi. Khisa alimwona akiandika. Alikuwa anajua kwa nini pumba, kwa nini kitambaa, kwa nini maganda hayawekwi yakiwa yametoka kunyeshewa mvua. Angeweza kumweleza yote kwa nusu saa. Lakini alijiambia kwamba wakitaka mtu anayejua walikuwa naye, nao walimtaka asiyeleta usingizi. Basi na asiyeleta usingizi atafute mwenyewe.

Siku ya fainali ilikuwa Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Nakawa. Walifika mapema, saa moja na nusu, Odoch akiwa amebeba sanduku jipya la maonyesho kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa ameliunda kwa plastiki angavu pande zote nne ili watu waone mabuu wakila, na kifuniko cheusi chenye matundu ya hewa. Ndani walikuwa mabuu wapatao elfu mbili, wakubwa, wa rangi ya mchanga. Wakaliweka juu ya meza nyuma ya ukumbi, karibu na bomba la maji, na Odoch akaenda kutafuta nyaya za kipaza sauti.

Darlène aliinama kulitazama. Maji ya maganda yalikuwa yameacha michirizi ya hudhurungi kwenye plastiki, na pembe moja ilikuwa imegandwa na uchafu.

"Hapana," alisema. "Batu bote bale banakuya kuona, na sisi tunabaletea chombo kichafu? Mama akisikia atanikana. Kwetu mugeni haonyeshwake chombo haiyaoshwa."

Akakunja mikono ya gauni lake. Akaazima beseni kwa wapishi, akamimina mabuu humo kwa kutumia sahani, macho ameyafumba nusu. Akaliosha sanduku kwa maji na sabuni, akalisuuza mara mbili, likang'aa. Kisha, likiwa bado linachuruzika, akawarudisha mabuu na maganda mapya juu yao, akafunika kifuniko.

Khisa alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo, mkono kwenye mfuko wa koti. Mfukoni kulikuwa na kitambaa kikavu.

Kwenye ukuta mkavu buu hawezi kupanda. Anajaribu, anateleza, anarudi chini kula. Lakini ukuta ukilowa, maji yale humshika tumbo na yeye hupanda kama anatembea barabarani, hata plastiki iwe laini namna gani. Na hawapandi palepale. Kwanza huhangaika, hujikusanya pembeni, halafu mmoja huanza na wengine humfuata. Katika sanduku lililofunikwa maji hayakauki, maana mabuu wenyewe wana joto na joto lao linatoa jasho kwenye kuta. Khisa aliyajua hayo tangu mwezi wa tatu, asubuhi moja alipofungua banda akawakuta mia tatu wako dirishani.

Darlène akatoa kitenge kwenye mkoba wake, cha mama yake, chenye maua mekundu. Akalifunika sanduku lote mpaka mezani, akalitengeneza vizuri pembe. Sasa ndani kulikuwa na giza pia, na mabuu hupenda giza. Akageuka.

"Khisa. Weye ndiye unazijua. Iko sawa hivi?"

Alimwuliza akimtazama machoni. Kulikuwa na povu la sabuni kwenye kiwiko chake. Khisa aliona kwamba ana hofu, kwamba usiku hakulala, na kwamba anangoja jibu lake kwa unyenyekevu wa kweli.

"Iko sawa," alisema.

Saa mbili kamili. Zamu yao ilikuwa saa tano. Alikuwa na saa tatu za kubadili nia yake, na hakuna aliyemzuia. Alikaa karibu na Odoch wakati timu ya kwanza inaeleza chupa zao za plastiki, akajiambia kwamba pengine kuta zitakauka. Timu ya pili ilipoanza, akajiambia kwamba hata wakipanda, watakuwa wachache. Timu ya tatu iliposimama akaacha kujidanganya, na kilichobaki moyoni kilikuwa furaha ndogo chafu. Alitaka kumwona Darlène amesimama mbele ya watu mia mbili bila neno la kusema. Kwamba wakishindwa na yeye ameshindwa, hilo halikumjia kichwani hata kidogo. Wivu haukumpa nafasi ya kufikiri mbali hivyo.

Wakaitwa. Odoch akapeleka sanduku jukwaani, kitenge na vyote. Darlène akashika kipaza sauti.

Na alizungumza vizuri, jamani. Khisa alikuwa ameomba avurugikiwe hata kabla ya kufungua kitenge, lakini hakuvurugikiwa. Alianza kwa kuwasalimu akina mama wa Nateete kwa Kiganda, akaingia kwenye Kiswahili chake alichokinyoosha kwa ajili ya siku hiyo, akawauliza ni nani kati yao amewahi kuteleza kwenye maji ya maganda na kuanguka mbele ya wateja. Mikono ikainuka, watu wakacheka, mama mmoja akasimama kuonyesha alivyoanguka. Darlène akawaambia juu ya nzi ambaye hajui jikoni. Yalikuwa maneno ya Khisa, yale yale aliyoyaandika kwenye ripoti, lakini kinywani mwake yalikuwa yameamka. Khisa alisikia sentensi zake zikipigiwa makofi, na kila kofi lilimchoma.

"Sasa muwaone wafanyakazi wenyewe," Darlène akasema, akavuta kitenge.

Kwenye kuta za sanduku hapakuwa na nafasi. Mabuu walikuwa wamepanda pande zote nne mpaka juu, wamejazana chini ya kifuniko, na wengine walikuwa wamepita kwenye matundu wakang'ang'ania kitenge chenyewe. Kitenge kilipovutwa walimwagika. Walianguka mezani, kwenye viatu vya Darlène, kwenye ukingo wa jukwaa, na kutoka hapo miguuni mwa mstari wa mbele. Mtu akainua miguu. Mwingine akainuka na kiti chake. Mwanamume mmoja aliyekuwa anakula sambusa aliiweka chini polepole.

Darlène alisimama palepale, kipaza sauti mkononi, kitenge cha mama yake katika mkono mwingine, funza wakimtembea kwenye kidole gumba. Hakupiga kelele.

Mwenyekiti wa majaji alikuwa Daktari Husnah, mwanamke mnene wa makamo aliyefanya kazi ya taka za jiji kwa miaka mingi. Hakushtuka hata kidogo. Alimwokota buu mmoja mezani pake, akamweka kiganjani.

"Binti, hawa kwa nini wamepanda?" aliuliza. "Na kule sokoni watapanda hivi hivi?"

Lilikuwa ndilo swali la mashindano yote, na kila mtu ukumbini alilijua hivyo. Darlène alilitazama sanduku, akatazama watu.

"Mi sijue, mama," alisema, na Kiswahili alichokinyoosha kilikuwa kimemtoka chote. "Mwenye anajua ni Khisa. Njo yeye alizilea hizi tangu siku ya kwanza. Hii kazi ni yake. Khisa, kuya utuambie."

Akashuka ngazi mbili, akamnyooshea kipaza sauti.

Huwezi kuamini jinsi Khisa alivyoinuka. Alisahau kila kitu. Watu mia mbili walikuwa wamegeuka wanamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili hakuna aliyemtazama kwa ajili ya harufu yake. Akapanda jukwaani, akawafagia mabuu kwa kiganja bila haraka, kundi zima, akawatia katika lile beseni la wapishi, ambalo Odoch alilileta mbio. Akasikia watu wakinong'ona kwa mshangao. Akatoa kile kitambaa mfukoni, akapangusa upande mmoja wa sanduku hadi ukakauka, akaweka buu juu yake. Buu akateleza akaanguka. Akaweka mwingine upande uliolowa. Huyo akapanda.

"Mmeona?" alisema. "Ni maji tu. Sokoni tutaweka pumba ya mbao kwenye ukingo, na kila asubuhi msimamizi atapangusa kuta. Ni kazi ya dakika tano. Hawatatoka."

Hakuna aliyesinzia. Khisa aliliona hilo, akalewa nalo, na mtu aliyelewa huongeza maneno.

"Tena hawapandi ghafla. Nimewapima mara nyingi. Kwa sanduku kubwa namna hii, lenye kifuniko, ukuta ukiloweshwa, saa ya kwanza hawafanyi lolote. Saa ya pili wanajikusanya pembeni. Wanaanza kupanda kwa wingi saa ya tatu ikielekea kwisha. Hili lilioshwa saa mbili kasoro. Kwa hiyo saa tano ndio wakati wao kabisa."

Daktari Husnah alikuwa anaandika. Kalamu yake ikasimama.

"Saa mbili kasoro," alisema. "Ulikuwepo likioshwa?"

Hapo ndipo Khisa aliposikia maneno yake mwenyewe. Yalikuwa yamekwisha kutoka, kwa kipaza sauti, mbele ya soko zima la Nateete. Angeweza kusema aliambiwa baadaye. Odoch hakuwepo, ni Darlène tu ambaye angejua, na Darlène alikuwa amesimama chini ya ngazi anamtazama, bado hajaelewa, uso wake umejaa shukrani.

"Nilikuwepo," alisema.

"Na ulijua."

"Nilijua."

Aliuona uso wa Darlène ukibadilika. Haukubadilika mara moja. Shukrani iliondoka polepole, kwa kuwa ilikuwa inatafuta sababu ya kubaki, ikakosa. Mabuu walisikika wakitambaa kwenye karatasi za majaji. Khisa alitamani kukaa chini palepale, na hapakuwa na kiti.

Daktari Husnah hakumwuliza kwa nini. Labda katika miaka yake ya kazi alikuwa amewaona wengi. Alisema asante, akaomba timu irudi nyuma, na wote watatu wakaokota mabuu. Darlène aliwaokota kwa mikono mitupu, mmoja mmoja, akiwatia kwenye kitenge.

Walipofika nje ndipo aliposema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Ungeniambia tu, Khisa. Ningepangusa."

Odoch alikuwa na maneno mengine, ya kambini, ambayo hayaandikiki. Alipoyamaliza akapanda boda akaenda zake, na kwa wiki mbili hakupokea simu ya Khisa.

Wakashinda. Ndiyo, walishinda, na hata mimi nilipoambiwa niliuliza mara mbili. Akina mama wa Nateete walisema dudu lenye nguvu ya kupanda ukuta litamaliza maganda yao yote, na majaji walisema jaribio la kitambaa ndilo lililoondoa wasiwasi wao. Khisa aliiokoa timu kwa ujuzi ule ule aliotaka kuizamisha nao. Msimamizi wa kituo akaandikwa Darlène, maana ndiye aliyekuwa msemaji. Chini ya jina lake Daktari Husnah aliongeza sharti kwa mkono wake: kabla kituo hakijafunguliwa, Khisa amfundishe msimamizi kila anachokijua, mwezi mzima, na msimamizi atie sahihi kwamba amefundishwa.

Angeweza kukataa. Baba yake alimshauri akatae, asijidhalilishe. Khisa alilala siku tatu akigeukia ukutani, na siku ya nne akaenda Nateete, kwa sababu mabuu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa kule na hakuna aliyejua kuwalisha.

Darlène alikuwa amekwisha kufika. Kibanda kilikuwa na mabati mapya, masanduku ishirini yamepangwa, na funguo zilikuwa kiunoni mwake. Hakuwa amefunika pua. Alimsalimu kwa adabu kama anavyosalimiwa mwalimu, akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu, akakaa kwenye kigoda.

"Anza," alisema.

Khisa akaanza na maganda. Yasiwekwe yakiwa yamenyeshewa mvua. Yakaushwe kivulini nusu siku, la sivyo chini panachacha na mabuu wanakufa kwa kukosa hewa.

Darlène aliandika yote. Akainua kichwa.

"Na hii, ulijua tangu lini?"

Swali lilikuwa la haki, nalo halikuulizwa kwa hasira. Khisa akakumbuka siku aliyomwona amebeba gunia la maganda lililonyeshewa mvua mpaka bandani, anahema, na yeye akalipokea bila neno, kesho yake akamwonyesha mabuu waliokufa na kumwacha aamini ni kosa lake.

"Tangu mwezi wa tatu," alisema.

Darlène akaandika na hilo pia, pembeni ya mstari. Kisha akageuza kalamu yake kuelekea kwenye pumba ya mbao, akangoja aendelee.